Chaki kwenye Mlango wa Chumba Chetu

Baba watoto, na wewe mwanangu Kidomo,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipasheni tu. Bibi ale kabla ya kumeza dawa, hata akidai ameshiba.

Sasa nielezeni, maana kichwa changu kimegoma. Asubuhi natoka na mkoba wangu wa chanjo, nakuta mlango wa chumba chetu umechorwa chaki: mistari miwili iliyokatizana. Ndiyo alama ninayochora mimi kila Jumamosi na Jumapili kwenye nyumba ambazo wenyewe sikuwakuta. Sasa mimi nimekosekana vipi? Si nimelala humohumo?

Nani kachora? Kidomo, ulijifunika gubigubi, lakini nimekagua vidole vyako, visafi. Baba watoto, ulikuwa unanyoa ndevu huku unapiga mluzi, na mluzi wako siku hizi siuelewi. Bibi naye kaniambia tu, “Kazi njema,” kisha kacheka peke yake.

Ni utani au ni lawama? Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia.

Nguo zianueni mvua ikinyemelea.

~~Nitarudi usiku kama kawaida.~~

Hiyo chaki msiifute. Kwetu kazini, nyumba yenye alama hiyo hurudiwa siku hiyohiyo, kabla jua halijazama. Mtaa wa mwisho nimemwomba mwenzangu animalizie. Nitapiga hodi kama mgeni.

Aliyechora ndiye anifungulie.

Mama