Wanaijadili Damu ya Binti Yangu Kama Vile Hayupo

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana nyumba yangu haikaliki. Mimi ni msusi, nina binti wa miaka kumi na saba aliyezaliwa na sikoseli, na mwenye mtoto wa namna hii anajua, maumivu ya mifupa yakimshika hulia mpaka sauti inakauka, nami huacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu nikakimbia hospitali. Sasa daktari wake wa damu ametuita akasema kuna tiba inayojaribiwa, wanatoa chembe zinazotengeneza damu yake, wanarekebisha ile jeni yenye kasoro, kisha wanamrudishia, na binti yangu anaweza kupokelewa, nikalia kwa furaha palepale. Lakini mume wangu akasema haamui bila ukoo, kikao kikaitwa, mama mkwe akasema roho ya mtu inakaa kwenye jeni na anayeigusa anamsahihisha Mungu, "Mtamchukua mjukuu wangu mniletee mgeni mwenye sura yake," na wifi akadakia kwamba kwao hakuna ugonjwa huo, nimeuleta mimi, kwa hiyo nitubu niache kusumbua wataalamu, na mume wangu, mshauri, mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake! Binti mwenyewe alikuwa akipita na sinia la chai, akiingia wananyamaza, akitoka wanaendelea. Nimechoka. Nataka nimpeleke kimyakimya, nimwambie anaongezewa damu kama siku zote, maana daktari alisema pia kwamba dawa kali atakayopewa kwanza inaweza kumnyima uwezo wa kuzaa, nikimwambia hilo ataogopa, na bibi yake akilisikia ndiyo basi tena. Je, nakosea?

Msusi mwenye hasira

Mama msusi,

Unakosea, tena sana, lakini acha kwanza niwanyooshe wengine.

Mwambie wifi yako sikoseli haiji kwa mzazi mmoja. Kaka yake alitoa nusu, nawe ukatoa nusu, na hakuna kati yenu aliyetenda dhambi. Akishikilia toba, basi kaka yake atangulie kwenye foleni. Na huyo mumeo anayetazama viatu mkewe akitukanwa, mpe ujumbe wangu: viatu viko salama, ainue uso.

Mama mkwe namsema kwa adabu, kwani hofu yake si upuuzi mtupu. Hata wataalamu wanaogopa siku watu watakapochezea jeni za watoto ambao hawajazaliwa na kuwarithisha makosa wajukuu wasioweza kuulizwa. Siku hiyo nitapiga kelele pamoja naye. Lakini hapa inatibiwa damu ya msichana aliye hai, na jeni za mayai yake ya uzazi hazirekebishwi. Kuhusu roho, muulize kama amewahi kuona mapacha wa kufanana wakigombana. Jeni zilezile, roho mbili. Mungu hakuificha roho pale ambapo daktari anaweza kuifikia kwa sindano.

Sasa njoo wewe. Unawakasirikia kwa kunyamaza binti akiingia na chai, halafu unataka kunyamaza kuliko wao wote! Dawa ile itamlaza hospitali muda mrefu na nywele zitamdondoka. Wewe msusi, utamwambia ni damu gani hiyo inayonyoa watu? Nakuonea huruma, mama, najua kilio cha mtoto kinavyomfanya mzazi ashike hata moto. Hata hivyo huo unaoupanga ni wizi wa uamuzi wake.

Rudi kwa daktari ukiwa na binti yako. Aulize mwenyewe, nawe utoke nje kidogo ili aulize asiyoweza kuuliza mbele yako. Aulize kama mayai yake yanaweza kuhifadhiwa kabla ya dawa. Aulize ni madhara gani ambayo bado hayajulikani, na nani atamfuatilia miaka ijayo. Daktari akijibu kwa haraka haraka, tafuteni mwingine. Baba yake aende pia. Kikao cha ukoo kimefungwa, nimekifunga mimi.

Huenda binti akakataa. Utaumia, na utamwuguza hivyohivyo. Lakini ukimdanganya akapona, ipo siku atatafuta mtoto akakosa, na siku hiyo atajua kwamba mama yake alijua. Sikoseli angalau imepata tiba ya kujaribu. Jeraha hilo halitakuwa na tiba.