Noti ya Mwisho Niliyoishusha

Mwanangu Eliamani,

Ninakuandikia nikiwa Same, sebuleni kwako, kwenye kiti chako cha dirishani. Nimeshushwa kutoka kijijini kwetu Bombo, milimani, kwa sababu moyo umechoka na daktari anataka niwe karibu na hospitali. Mkeo Nakundwa ndiye anayenitunza. Upepo wa hapa unaleta vumbi mpaka kwenye chai. Milima yetu naiona kwa mbali, imejifunika wingu, na najua nitakaporudi kule nitabebwa.

Unakumbuka uliponifundisha kuandika nyimbo kwenye kompyuta? Mimi niliyeifundisha kwaya ya Bombo kwa chaki na karatasi za manila nilikigusa kile kipanya kwa ncha za vidole. Ukacheka.

"Baba, hakiumi. Bofya noti, ikigeuka bluu ni yako. Mshale wa juu unaipandisha, wa chini unaishusha."

Nikaukandamiza mshale wa juu, noti ya sauti ya nne ikaruka ikapita hata sauti ya kwanza, na kompyuta ikaiimba hivyo hivyo, bila aibu.

"Huyo ni besi aliyekanyaga kaa la moto," ukasema.

Jioni ile ukanisikilizisha wimbo wako mpya. Ulikuwa mzuri, ila sauti ya kwanza iliishia kwenye re. Nikakuambia wimbo huishia kwenye do, noti yake ya nyumbani. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

"Baba, wimbo si mbuzi, kwamba jioni lazima urudi zizini."

"Asiyerudi zizini huliwa na fisi."

"Basi tumpe fisi naye nafasi kwenye kwaya."

Tukacheka, mabishano yakaishia hapo. Sikujua kwamba hatutabishana tena.

Baada ya pikipiki kukugonga pale barabara kuu, kwaya iliomba wimbo wako kwa ajili ya siku ya kuweka msalaba kaburini kwako. Nakundwa akanikabidhi kompyuta yako. Niliufungua wimbo peke yangu, nikausikiliza mpaka ile re. Baada yake kulikuwa na kimya, na katika kimya kile nilijikuta nakusubiri umalizie. Sikuweza kustahimili. Nikabofya noti, ikageuka bluu, nikabonyeza mshale wa chini mpaka ikafika do. Nikahifadhi, nikachapisha, nikawapa kwaya. Siku ile wazee walinishika mkono wakisema, "Wimbo umetulia, Mwalimu."

Nakundwa ndiye hakutulia. Watu walipotawanyika alinifuata.

"Baba, alikuwa akiniimbia huu wimbo nikipika. Mwisho wake haukuwa hivi. Ulikuwa unabaki juu."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nikamjibu, "Ni huzuni, mama. Umesahau."

Mwanangu, neno hilo ndilo linalonizuia kufa kwa amani. Tangu nimekuja kukaa hapa namsikia jikoni akichambua mchele. Anauanza wimbo wako, anafika mwisho, ananyamaza. Anauanza tena, ananyamaza pale pale. Alikuwa anakutafuta, na mimi ndiye niliyekuficha. Sikuwa nalinda sheria ya muziki. Masikio yangu yalijua kwamba re yako ilikuwa mahali pake. Nilitaka tu urudi nyumbani.

Jana nikamwita. Nikafungua kompyuta, nikabofya ile noti. Nikaubonyeza mshale wa juu kupita kiasi, ikapanda mpaka fa, nikaishusha taratibu hadi re. Kisha nikaacha wimbo uimbe. Nakundwa alisikiliza amesimama, mwiko mkononi.

"Irudie, Baba."

Nikairudia.

"Basi sikumsahau."

"Hukumsahau. Mimi ndiye niliyebadilisha, halafu nikakudanganya."

Aliichukua kompyuta akaingia nayo chumbani kwenu. Kupitia ukutani nikasikia mstari wa mwisho ukirudiwa, ukirudiwa tena, kisha sauti yake mwenyewe juu yake. Ugali uliungua, na hakuna aliyeinuka.

Leo asubuhi ameniletea uji. Ameniwekea mezani, akanivutia blanketi mabegani, akaondoka bila kuniamkia. Tangu umlete nyumbani kwetu hajawahi kunipita bila shikamoo. Sikumwita. Nilikunywa uji, alikuwa ameupoza kama ninavyoupenda.

Nimempigia simu mwalimu wa sasa wa kwaya, nikamwambia awafundishe waimbaji mwisho ulioandika wewe. Amesema wazee watalalamika kwamba wimbo umekatika. Nimemwambia walalamike, na siku yangu ikifika wauimbe vivyo hivyo.

Pumzika, mwanangu. Nakundwa akiniamkia kabla sijaondoka, nitaitikia kwa moyo wangu wote. Asiponiamkia, nitakuja hivyo hivyo, na wewe usimlaumu.

Ni mimi,
Baba yako