Jiwe la Mizani Linalolala Kanisani

Jumatatu, 6 Hathiri
Dhahabu ya kaka Sereno imekataliwa! Sarafu mpya kabisa, ukingo wake haujaguswa. Mume wangu Kolutho, mpimaji wa mji, aliiweka kwenye mizani mbele ya watu. Upande wa jiwe la serikali ukashuka. Nyepesi, akasema, ongeza kipande cha dhahabu. Kaka akitoe wapi? Kodi haijatimia, wamemtia ndani. Na aliyempima ni shemeji yake!

Jumanne, 7 Hathiri
Nimempelekea kaka mkate na dengu.
"Dada, mwezi huu mtaa mzima dhahabu yetu nyepesi. Ina maana sote tumekuwa wezi?"
Jioni Kolutho kaniletea shela ya sufu, nyekundu. Pesa katoa wapi? "Vaa tu, mke wangu, maswali ya nini?" Sijaivaa. Namtazama akila.

Alhamisi, 9 Hathiri
Leo hakuna kupima. Nikaenda kanisani, mawe ya mizani yanakolala. Bibi Tamuni, anayefagia pale, kanifungulia sanduku. Nikalishika jiwe lenyewe, kile kipande cha shaba chenye msalaba wa fedha — linanata!
"Nalipaka mafuta ya zeituni kila jioni, mwanangu. Si lina msalaba?"
Kumbe! Mafuta, vumbi, nta, vyote vimegandamana hadi chini. Jiwe limenenepa! Dhahabu ya watu ni nzima, na mwizi hayupo. Maskini mume wangu, nilivyomdhania mabaya! Nimelisugua kwa maji moto mpaka likang'aa, bibi wa watu akininung'unikia. Njiani nilicheka peke yangu.

Ijumaa, 10 Hathiri
Nimemwambia Kolutho wakati wa chakula. Jiwe ni safi, kesho kaka apimwe tena, atoke! Nilidhani atanikumbatia. Akaacha kutafuna.
"Nani kakutuma ulisafishe?"
Sauti ya chini. Hakuuliza lilichafuka vipi. Hakushangaa hata kidogo! Nikamwuliza, vile vipande walivyoongeza watu viko wapi? Akaitazama shela, pale ilipokunjwa. Kisha akasema anakwenda kunyoosha miguu.
Mimi huyu, mjinga! Nilimwonea huruma jana tu.
Nimeingia jikoni kuosha vyombo. Chupa ya mafuta haipo mahali pake.
Navaa viatu; kanisani si mbali.