Salamu Niliyoifuta Kwenye Vilima

Kaka Zabroni,

Wanasema mchezo wetu wa Vilima umekufa. Mwenye duka la vitabu hapa Kasulu alinirudishia maboksi mwezi uleule tuliokuzika. Akasema siku hizi watu wana simu, nani akae mezani mchana kutwa arushe dadu na kujifanya mchuuzi wa dagaa aliyepotea milimani? Nikamwambia ayaweke chini, nitayabeba mwenyewe. Yako chumbani kwangu, na muuza karanga aliyeyataka akafungie karanga zake nimemnyima.

Unakumbuka tulivyokata kadi za kwanza kwa mkasi wa cherehani wa mkeo, akatununia wiki nzima? Ndipo uliponifundisha kukaa kigodani, kuwa msimulizi: wenzangu wanachagua wawe nani, mimi nawaambia wamefika wapi, dadu inaamua kama daraja litashika. "Usiwaharakishe," ulikuwa unasema. "Mtu akiharakishwa anabaki kuwa yeye yuleyule."

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuthubutu kukuambia ukiwa kitandani. Kwenye toleo la pili, lile nililolipeleka kwa mchapaji peke yangu ulipoanza kuumwa, nilifuta kanuni ya salamu. Ile ya kwamba ukifika kijiji chochote hurushi dadu mpaka umpigie makofi mwenyeji, umwamkie kwa Kiha, mwidiwe, umuulize habari za watoto, ng'ombe na mvua, naye akujibu. Nilisema inachelewesha mchezo. Kusema kweli niliona aibu, nilitaka watu wa Dar wasituone washamba. Mimi, Muha mzima, nikafuta salamu.

Mwezi jana nilipeleka boksi moja la toleo hilo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa akina mama wa Kikongo wanaouza vitenge. Mmoja wao, Mama Furaha, alifika kijiji cha kwanza, nikampa dadu, akaiacha mezani, akasema kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa: "Mais, ntaingia namna gani kwa batu bila kusalimia? Mi si mwizi." Akamsalimia mwenyeji. Mwenzake aliyekuwa mwenyeji akajibu kwamba watoto wazima, ila mume alikwenda Manyovu na hajarudi. Basi humo mchezoni wote wakaondoka kumtafuta, kilima kwa kilima, na hakuna aliyegusa simu mpaka walipokuja kuitwa nyumbani.

Hadithi ilikuwa inazaliwa ndani ya salamu, Kaka, na mimi niliikata hapohapo. Ukafa ukiamini watu wameuchoka mchezo wako. Hawakuuchoka. Nakasirika ninapoandika hivi, hata wewe nakukasirikia, kwa nini hukusubiri kidogo tu.

Nimerudi kwa mchapaji. Salamu inarudi ukurasa wa kwanza, kwa Kiha na kwa Kiswahili, na anayeona ni ushamba asinunue. Yuko jamaa anayetaka jina la Vilima alibandike kwenye mashine zake za kamari. Nimemfukuza. Anapita mitaani akisema nina kiburi, na ninacho. Jumamosi tunacheza Kibondo, juma linalofuata Mabamba, halafu Titye, hata wakija watu wawili.

Pumzika, Kaka. Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Kila meza nitakayokaa, kabla ya kadi kugawiwa, nitawaambia wachezaji kanuni ya salamu aliitunga nani na aliifuta nani. Jina lako nitalitaja kwanza. La pili nitalitaja bila kuinamisha kichwa, ni langu.

Mdogo wako,
Adela