Amani Niliyoiomba Peke Yangu

Pipeline, Nairobi
Jumatano mchana

Kwako dada yangu Ayuma,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe pamoja na shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anakataa kuvaa miwani aliyopewa kliniki? Huku mimi ni mzima wa mwili, ila mvua imetunyeshea hadi nguo hazikauki. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitabadilisha habari katikati. Opicho wa kijijini kwetu anasafiri kesho kuja nyumbani, atakukabidhi barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako kwanza, kisha uamue Mama asomewe kiasi gani.

Mwezi uliopita uliniuliza mbona siku hizi najibu kwa ufupi. Nilikuambia ni uchovu wa kazi. Haukuwa uchovu, ingawa hata leo sijui niuite nini.

Nilikueleza zamani juu ya ushirika wetu wa Alhamisi, unaokutana nyumbani kwa Mama Wakiuru, anayeuza mboga hapa chini ya ploti yetu, hili ghorofa tunalopanga. Tulikuwa watu tisa, na kiongozi wetu alikuwa Dedan, seremala. Mimi nilikuwa nikianzisha nyimbo na kuomba. Mwezi wa tatu, baada ya kikao, Dedan alinivuta kando pale ngazini. Aliniambia kwamba jambo ambalo Githinji, mwenzetu wa ushirika, alinieleza kwa siri kuhusu ndoa yake, nilikuwa nimelitaja kwenye maombi, mkewe akiwa amekaa pale pale. Aliniambia kwa upole, akanisihi nimwombe Githinji msamaha. Mimi nikaona nimedharauliwa. Nilimjibu kwamba sihitaji karani kati yangu na Mungu wangu, nikapanda zangu juu. Sikurudi tena, na wewe sikukuambia.

Mwanzoni niliona raha, dada. Jumapili nilijilaza kitandani nikisikiliza mahubiri kwenye simu, na mhubiri akigusa panaponiuma nilitafuta mwingine. Nilisoma zile Zaburi za kuomba maadui waanguke, na kila mara nilimaliza nikiwa upande ulioshinda. Mama Wakiuru alikuwa akiniita nikipita, akitaka kujua habari zangu. Nikaanza kutumia ngazi za nyuma.

Mwezi wa tisa Kiema aliumia kazini. Huyu ni mwenzangu kule Industrial Area, kwenye kiwanda cha beseni, na tumesimama mashine moja kwa miaka minne. Ni mtu wa maneno machache, anaishi mtaa wa Mowlem na mkewe Jacky. Mashine yetu inasaga plastiki kuukuu. Kifuniko chake kilikuwa kimetolewa na msimamizi mwenyewe ili kazi iende haraka, tukimwona. Asubuhi hiyo mkono wa kulia wa Kiema ulivutwa ndani, akapoteza vidole vitatu. Mimi ndiye niliyezima mashine. Nilimfunga mkono kwa shati langu, naye alikuwa akiniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama saa yake imevunjika.

Siku tatu baadaye niliitwa ofisini. Karatasi ilikuwa tayari imeandikwa, kwamba Kiema alikitoa kifuniko mwenyewe bila ruhusa na kwamba mimi nilimshuhudia. Msimamizi hakunitisha. Alisema tu kwamba wakubwa huwakumbuka watu wanaoshirikiana nao, nikafikirie hadi kesho. Jioni nilipanda juu ya paa, kati ya nguo za majirani, nikamwomba Mungu anionyeshe la kufanya. Niliomba sana, usidhani nilifanya mzaha. Kisha utulivu ukaniingia kifuani, kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema, hili ndilo jibu.

Nakuungamia, dada, kwamba niliweka sahihi. Niliandika jina langu, Laban Lusweti, chini ya uongo. Kiema akaachishwa kazi akiwa bado wodini, ikasemwa amejiumiza mwenyewe.

Ile amani ilidumu, na hilo ndilo linalonichanganya. Nilikula, nikalala, nikaomba kama kawaida. Ilivunjika siku Mama Wakiuru aliponikuta kwenye ngazi za nyuma, akaniomba nimbebee gunia la viazi hadi kibandani. Nilipolitua aliniuliza nimeshindaje siku hizi zote, nami nikajikuta nasema kila kitu. Hakushtuka. Aliuliza niliomba na nani. Nikasema peke yangu. Akapanga nyanya zake kidogo, halafu akaniuliza, "Na hiyo amani, Laban, ilikuja ukimfikiria Kiema ama ukifikiria kazi yako?" Nilikaa juu ya lile gunia. Miezi yote hiyo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali kama hilo.

Alhamisi iliyopita nilirudi kwenye ushirika. Kwanza nilimwomba Githinji msamaha. Aliitikia kwa kichwa tu, na nadhani bado linamuuma. Kisha nikawaeleza habari ya Kiema. Nilitumaini watanipa neno moja, lakini wapi. Dedan alisema nikabadilishe maelezo mara moja. Githinji alisema nikifutwa kazi kwa haraka, vidole vya Kiema havitarudi, afadhali nitafute kwanza mtu anayejua sheria. Mke wa Githinji akauliza kama kuna aliyewahi kumtembelea mgonjwa, na kumbe hakuna. Walibishana hadi chai ikapoa, nami katikati nikizidi kupotea. Mwishowe Dedan alikiri kwamba hajui kama yeye angekuwa na ujasiri huo. Alichojua ni kwamba popote nitakapoenda, siendi peke yangu.

Jumamosi tulienda Mowlem, Dedan, Mama Wakiuru na mimi. Jacky alitufungulia, akaniita shemeji, akanishukuru kwa kumwokoa mumewe. Nilitaka kukimbia, lakini Dedan alikuwa nyuma yangu mlangoni. Nikamwambia Kiema kwamba niliweka sahihi. Mkewe alinitazama. Kiema akasema, "Nilionyeshwa hiyo karatasi. Nikasema labda kuna Laban mwingine."

Nilimwomba msamaha, akasema atafikiria. Tulipotaka kuomba kabla ya kuondoka, aliinua ule mkono uliofungwa akanielekezea. "Wewe usiniombee. Hawa waombe." Basi wenzangu waliomba.

Jumatatu nilienda ofisini nikaandika yote niliyoyaona, na Dedan alifunga karakana yake akaningoja nje ya geti. Nakala moja alimpelekea Kiema, aitumie kudai haki yake. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi niitwe. Ndiyo maana unaona nakuandikia mchana wa siku ya kazi.

Sasa nisaidie kufikiri, dada. Nilipodanganya nilikuwa na amani. Nimesema kweli na chakula hakipiti, sijui kama nitarudi kazini, sijui kama Kiema atanisamehe. Ile amani iliyonijia kwenye paa ilikuwa ya nani? Na kama ilikuwa yangu, ni mara ngapi nimeisikia nikaiita ya Mungu? Nilimwambia Mama Wakiuru hivyo, akasema hata yeye kuna siku hajui, na ndiyo sababu huwapikia watu chai kila Alhamisi.

Nisalimie shemeji, watoto na kina shangazi wote. Mama mwambie nampenda, na avae miwani.

Ombi langu ni moja. Opicho aliniambia zamani kwamba kanisani huko wewe husimama na kutangaza kuwa ndugu yako anaongoza ushirika Nairobi, nao kina mama hupiga makofi. Nilijua siku nyingi, nikanyamaza kwa kuwa ilinipendeza. Jumapili hii tafadhali simama tena. Waambie Laban haongozi mtu. Ameketi karibu na mlango, na wengine wakiomba, yeye huitikia Amina, kwa kuwa kwa sasa ndilo neno pekee ambalo ana hakika nalo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Laban