Basi la Limi Lililosimama Barabarani

Jumatatu, 3 Februari

Umeme umekatika tena nikiwa katikati ya video ya harusi ya Kiberege. Bibi harusi kaganda mlangoni mwa kanisa tangu asubuhi. Baraka wa banda la gemu kaja kunikumbusha mashindano yake. Vijana wanacheza gemu ya mabasi, wanarekodi safari zao, kisha wanakata na kuunga vipande wapate klipu fupi. Mimi nahukumu ufundi. Mwalimu Deo wa kwaya anahukumu ubunifu. Mshindi anapata kiti cha pili hapa studio, ajifunze kazi na kuifanya. Nilikubali mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya watu. Kwa hiyo siwezi kuletewa mtu wa ovyo. Tukikosea, nitakaa naye msimu mzima wa harusi na kipaimara.

Jumatano, 5 Februari

Klipu zimefika. Nimezitazama zote nikiwa nimezima sauti. Ndivyo ninavyofanya kazi miaka yote. Muziki ukilia, mkato mbovu unapita bila kuonekana. Sauti inafunika madhambi. Zima, uone.

Nyingi takataka. Mabasi yanapaa. Moja limeruka Mto Kilombero, kuku wamejaa kwenye keria. Evansi wa Mang'ula peke yake ndiye anayejua kukata. Baridi kidogo, kama tangazo la usalama barabarani, lakini safi.

Limi, binti wa Kisukuma kutoka Michenga, alianza vizuri, nikafurahi. Kona nzuri, vumbi zuri. Halafu basi linaegeshwa pembeni na kukaa. Linakaa tu. Barabara tupu, majani, hakuna kinachotokea. Kisha linaondoka. Nani anaacha kitu kama hicho kwenye klipu fupi? Gemu iliganda, akashindwa kukata. Nimempunguzia alama bila huruma.

Ijumaa, 7 Februari

Kikao na Mwalimu Deo. Nimetoka kichwa kinauma. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini wengi wenyewe ni mimi na yeye. Mzee huyu nampenda, alinifundisha darasa la tano, ila si mwamuzi. Kila mtu kampa alama zote. Hata yule wa kuku. Eti kuku wamemchekesha. Nikamuuliza ubunifu gani huo, akasema mtoto akithubutu mpe moyo. Moyo ampe, sawa. Asimpe kiti changu.

Kwa Limi ndiyo kabisa, alifuta macho. Nikamwambia basi limesimama tu, pale hakuna kitu. Akanitazama sana.

"Anjela mwanangu, msiba ukipita, wewe hupishi?"

Nikadhani ameanza mafumbo yake. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi natazama mikato.

Alama zake zote zinalingana, kwa hiyo zangu ndizo zimeamua. Evansi.

Jumapili, 9 Februari

Baraka katangaza baada ya misa. Evansi kashangiliwa. Limi akaja kwangu, shikamoo dada, asante kwa kutazama. Hakulia wala kununa. Afadhali angenuna.

Jumatano, 12 Februari

Evansi kaanza. Kapanga chumba karibu na soko. Ana adabu, anawahi, mikono yake myepesi. Nilikuwa nimeridhika.

Mchana nikaanza kufuta klipu za mashindano. Ile ya Limi ikafunguka, na spika zilikuwa zimewashwa kwa sababu Evansi alikuwa anachagua muziki wa harusi.

Honi. Redio juu kabisa. Konda anaita abiria. Kisha basi linaenda pembeni. Redio inazimwa. Injini inazimwa. Halafu kwa mbali wanawake wanaimba wimbo wa maziko, na nyayo nyingi. Wanakaribia, wanapita ubavuni mwa basi, wanafifia. Ndani ya basi mwanamume mmoja anakohoa. Injini inawashwa. Redio haikuwashwa tena mpaka mwisho.

Huku ndivyo tunavyofanya. Msiba ukipita unaegesha, unazima kila kitu, unavua kofia. Nimelelewa hivyo. Na gemu ile haina msiba. Kaujenga kwa sauti peke yake, na kila sauti imekaa mahali pake. Ufundi niliokuwa nautafuta ndio huo, nikauita kuganda.

Mjinga mimi. Mjinga, na kiburi juu. Evansi alikuwa ameacha kazi anasikiliza. Akasema yeye angempa Limi. Nikamwambia aendelee na kazi.

Jumamosi, 15 Februari

Michenga kwa bodaboda. Matope, tumeshuka kusukuma. Limi alikuwa shambani na mama yake, wanapandikiza mpunga. Nikamwambia ukweli: nilitazama bila kusikiliza, nimekosea, naomba radhi. Evansi siwezi kumfukuza, hana kosa. Lakini aje, tutabanana.

Akauliza nimesikiliza mpaka wapi. Nikamwambia mpaka mwisho, hata yule anayekohoa.

Akainama tena, akachomeka miche miwili mitatu.

"Nyimbo ni za msiba wa baba, dada. Anayekohoa ni yeye mwenyewe. Kikohozi chake kilikuwa kimebaki kwenye simu yangu."

Nikavua viatu, nikaingia kwenye maji, mama yake akanipa fungu la miche. Tumepanda mpaka jua likapungua. Kuhusu studio hakusema atakuja wala hatakuja, na mimi sikuuliza tena.