Maziwa Ndani ya Kifurushi cha Krismasi

Kwa dada yangu Rael,

Nakusalimu wewe na wote wa boma letu la Sachangwan. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko juu? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Sisi huku Kanada tu wazima. Theluji imefika dirishani, nami sitoki ila kwenda kanisani na kuangalia sanduku la barua. Nimefurahi kwamba koti nililokutumia lilifika kabla ya Krismasi. Joyce, mkaza mwanao, aliniambia ulilivaa kanisani ukakataa kulivua hata jua lilipowaka, ili kila mtu alione.

Ningekupigia simu, lakini simu ya Joyce haipatikani tangu siku ile ya posa, na sababu unaijua mwenyewe. Ningeweza kupiga kwa jirani, ila habari hii ni ndefu na sitaki aisikie kabla yako. Kwa hiyo nakuandikia kama zamani nilipokuwa mwalimu kule Longonot, wakati ulipokuwa ukinijibu kwa penseli.

Nianze mwanzo, maana upande wangu wa mambo hukuuona. Nilipokwambia kwamba watu wa Daniel, mchumba Mkanada wa mjukuu wangu Chelagat, wangekuja siku ya pili ya Krismasi kwa koito, kuposa, na kwamba tungewaandalia chai na keki, ulinikatiza.

"Keki?" ukasema. "Msichana wetu anaposwa na keki? Wewe mzee, hivyo vitabu vimekuharibu. Bila mursik hiyo si koito. Hiyo ni bathdei."

Ulicheka, lakini mimi sikucheka. Tangu mke wangu atutoke, hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kugandisha maziwa ya mursik kwenye kibuyu. Binti yangu, mamake Chelagat, alitoka nyumbani akiwa mdogo mno. Ulipoahidi kutuma kibuyu na kijiti cha mti wa senetwet cha kuchoma mkaa wa kusugulia kibuyu ndani, pamoja na kadi za watoto, nilianza kuchungulia barabara kama mtoto. Nimesoma mengi, dada, lakini bado nisingeweza kusimama mbele ya wageni na kumtoa mtoto wetu mikono mitupu. Ningeona kama nimemtoa nusu.

Kisha nikaitwa kwenye ofisi ya mizigo. Mama mmoja wa ukaguzi alikuwa amevaa glavu, amekiweka kifurushi chetu peke yake pembeni, mbali na vifurushi vya watu.

"Mzee," akaniuliza, "mna nini humu? Kinatoa povu."

Harufu ilinifikia kabla sijajibu. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama, moshi na maziwa, pale katikati ya ofisi nyeupe kama hospitali. Nilikupigia papo hapo.

"Rael, uliweka maziwa kwenye kibuyu?"

"Sasa ulitaka nitume kitupu? Kwa koito? Watu waseme nini?"

"Lakini sheria za huku..."

"Ni kidogo tu, Kimutai! Ya kuondoa aibu. Mwambie huyo mama aonje."

Yule mama akauliza unasema nini. Nikamwambia unamkaribisha aonje. Alicheka hadi akashika meza, kisha akanieleza kwa upole kwamba maziwa hayaruhusiwi, lazima yamwagwe, na kwamba kibuyu chenyewe huenda kikateketezwa. Nikamweleza kwamba kwetu chombo cha maziwa hakipewi mtu kikiwa kitupu, kwa maana ni kama kumtakia njaa, na kwamba dada yangu angeona afadhali avunje sheria ya nchi yoyote kuliko kumtumia bibi harusi njaa. Akaingia ndani kumuuliza mkubwa wake. Rael, niliomba pale pale benchini, na sikuombea amani ya dunia. Niliombea kibuyu.

Alirudi amekibeba kwa mikono miwili, kimemwagwa na kusuuzwa. Akasema kimekauka vya kutosha, si mmea tena, na kile kijiti nacho kimepita. "Na umwambie dada yako," akaongeza, "mwaka ujao atume kadi peke yake."

Kadi zenyewe zililowa zote. Ng'ombe aliyechorwa na mtoto wa Joyce amegeuka wingu, na malaika wana ndevu za rangi iliyochuruzika. Binti yangu alizianika juu ya kipasha joto, na nyumba nzima ikanuka Sachangwan kwa wiki nzima. Sijawahi kupokea kadi nzuri kama hizo.

Yaliyofuata ulikuwepo, kwa sauti. Lakini hukuona Chelagat akichoma kijiti cha senetwet juu ya jiko la umeme, machozi yanamtoka, nawe unampigia kelele kutoka ng'ambo ya dunia, "Sugua mpaka ndani kabisa! Usikibembeleze, si mtoto!" Hukuona king'ora cha moshi kilipolia na jirani wa chini akaja mbio na ndoo. Mursik wa kwanza uliharibika, maana alimimina maziwa yangali moto. Alikaa sakafuni, akaniambia, "Babu, kama siwezi hata hili, nitasema mimi ni mtu wa wapi?" Nikakupigia, ukamwambia, "Hata wa kwangu wa kwanza paka alikataa. Amka, mama, chemsha mengine." Akaamka.

Siku yenyewe ikafika. Niliyemwogopa zaidi ni baba yake Daniel, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa tangu ujana wake. Chelagat alitikisa kibuyu, akamimina, na madoa ya mkaa yakaonekana vizuri ndani ya kikombe. Yule mzee alikunywa polepole. Mstari mweusi ukabaki juu ya mdomo wake. Kisha akatunyooshea kikombe tena.

"Ng'ombe wangu hawajui kwamba maziwa yao yanaweza kuwa hivi," akasema. "Nani ametengeneza?"

"Mimi," Chelagat akajibu, "na Kogo wangu, bibi yangu wa Sachangwan."

Ndipo tukakuweka mezani kwa video, simu imeegemea birika. Ukamwita Daniel asogee. "Umekunywa? Umemaliza? Sasa wewe ni wetu. Ukimsumbua huyu, nitapanda hiyo ndege na nije na fimbo." Chelagat akatafsiri kila neno. Kisha nikakuona unainua kibuyu chako na kujaza mdomo, nikajua unachotaka kufanya, kile alichokuwa akifanya mama kwa kila anayembariki, kumtemea maziwa kifuani. Nikapaza sauti, "Rael, hiyo ni simu!" Nilikuwa nimechelewa. Kioo kikawa cheupe, maziwa yakateremka, kisha giza.

Sasa nakuambia usichokijua. Daniel alikuwa amefungua vifungo vya shati, kama Chelagat alivyomfundisha, na ameinamisha kichwa ili maziwa yamfikie kifuani. Simu ilipozima, hakujiinua. Mama yake akanong'ona akiuliza kama laini imekatika. Tulikaa hivyo, sebule nzima, kijana ameinama mbele ya birika na kioo cheusi. Mwishowe Chelagat akampitishia kiganja kifuani, taratibu, kama anayepangusa maziwa.

"Yamefika," akamwambia.

Ndipo akainua kichwa.

Mpe Joyce pole. Simu nyingine nimeiweka humu kifurushini pamoja na kadi zenu, na soksi za mumewe. Nisalimie mchungaji, na yule shemeji yetu wa Molo anayesema nimesahau Kikalenjin. Mbusu kila mjukuu wako kwa jina lake. Kubwa ni hili: wamepanga kufunga ndoa huko nyumbani mvua zikiisha, na baba yake Daniel ameuliza kama ataruhusiwa kukamua.

Mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Kimutai